Gesare Alipokaukiwa na Nyimbo

Kwa miaka ishirini na miwili Gesare alichuma majani chai katika shamba la kampuni nje kidogo ya mji wa Kericho, na miaka yote hiyo aliichukia kazi hiyo kwa sababu ambayo wenzake hawakuielewa. Wao walilalamikia mvua ya kila mchana, baridi ya Julai na maumivu ya mgongo. Yeye alilalamikia kichwa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu saa moja asubuhi hadi jioni, na safu ikiisha inakungoja nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Vidole vyake viliijua kazi kiasi kwamba havikumhitaji mwenyewe.

"Mikono imeandikwa kazi," alikuwa akimwambia mumewe, Obure, "lakini kichwa kinatarmaki tu. Kutwa kucha hakina ajira."

Ili asirukwe na akili, alikuwa anatunga nyimbo. Alianza mwaka wa kwanza tu alipotoka Kisii, msichana wa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuacha. Kwanza linakuja neno moja, kisha sauti ya kulibeba, na kabla safu haijaisha ubeti umekaa. Jioni alimwimbia Obure jikoni, na Sabato iliyofuata akawafundisha kwaya ya kanisa la wafanyakazi, sauti moja baada ya nyingine, kwa mdomo, maana kusoma noti hakujua. Aliishia darasa la saba, lakini kanisani wote walimwita Mwalimu. Alikuwa na nyimbo sitini na zaidi, na kuna makanisa upande wa Bomet yaliyoziimba bila kujua zilitoka kwa nani.

Yeye mwenyewe hakuona ajabu yoyote hapo. Aliamini kwamba nyimbo zilikuja licha ya kuchuma majani, na kwamba siku Mungu atakapomtoa kwenye safu zile, akampa kazi ya kukaa chini ya paa, atatunga nyimbo za kweli. Aliliombea jambo hilo kila Ijumaa jioni.

Mwaka jana likaja. Kampuni ilileta mashine za kuchuma, na shamba ambalo lilihitaji wanawake arobaini likabaki na vijana sita na mtambo unaonguruma. Wengi walirudishwa makwao. Gesare alibakishwa akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto wa wafanyakazi, awe msaidizi wa Phyllis, mama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja. Gesare alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema Mungu anajibu. Alisema sasa kwaya wajiandae, mwaka huu watasikia.

Watoto walikuwa ishirini na sita, na hakuna aliyefika miaka minne. Kila dakika palikuwa na mmoja anayekaribia kula kitu kisicholiwa. Ukimtoa huyu udongo mdomoni, yule amepanda dirishani, na ukimshusha wa dirishani unakuta wawili wamegawana kiatu cha Phyllis. Mchana walilala, ndiyo, lakini hawakulala pamoja. Walipokezana kama walinzi, wa mwisho akifunga macho, wa kwanza ameshaamka anataka uji.

Hata hivyo Gesare aliwapenda, na kwa mara ya kwanza maishani alirudi nyumbani akiwa na habari. Alimsimulia Obure nani kamuuma nani, na nani kaanza kusema. Siku zilikwenda mbio. Hakuwahi tena kutazama jua na kujiuliza kama limekwama.

Na nyimbo zikakauka.

Mwanzo hakutambua. Januari ikapita, Februari ikapita, kwaya ikawa inarudia za zamani. Mwezi wa nne Ratemo akasimama baada ya mazoezi, daftari mkononi. Ratemo alikuwa fundi wa mitambo kiwandani na mwenyekiti wa kwaya, mtu aliyependa mambo yapangwe mapema, na akiyapanga anayafuata kama mdai.

"Mwalimu, makambi ya kanisa ni Agosti," alisema. "Mwaka huu ni Chepseon, na sisi ndio tumepewa kufungua ibada kuu ya Sabato. Neno kuu ni Simameni Tayari. Tunahitaji wimbo mpya. Wewe siku hizi uko ndani, umekaa kwa kiti, kwa hivyo nimeandika hapa tarehe kumi mwezi wa tano."

"Nimekaa kwa kiti wapi?" Gesare aliuliza. "Wewe umewahi kuingia pale ndani?"

"Sijasema kazi ni rahisi. Nimesema uko ndani."

Tarehe kumi ikafika, na Gesare hana hata neno moja. Ratemo akaandika kwenye grupu ya kwaya ya WhatsApp, akaweka na ile mikono miwili ya kuomba: Mwalimu, tunangoja. Watu kumi na wanane wakaweka mikono yao pia. Gesare aliitazama ile mikono yote akaifunga simu, akaitupa kitandani.

Alijaribu. Jumapili moja alikwenda kanisani peke yake asubuhi, akafunga mlango, akakaa kwenye benchi la mbele. Hazikupita dakika ishirini Ratemo akaingia na chupa ya chai na mandazi mawili kwenye karatasi.

"Nimesikia uko hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Usinijali. Mimi nitakaa tu huko nyuma, nisikusumbue."

Akakaa nyuma. Gesare akawa anasikia anavyopumua, na kila alipogeuza kichwa kidogo, benchi la nyuma lililia, maana Ratemo naye aliinuka kutazama kama wimbo umefika. Baada ya saa moja Gesare alibeba chupa akamrudishia.

"Ratemo, ng'ombe hakamuliwi hivi," alimwambia, akatoka.

Alijaribu pia wakati watoto wamelala, lakini Phyllis alikuwa na redio yake, na kumwambia mtu aliyekaa na watoto miaka kumi na moja azime redio lilikuwa jambo ambalo Gesare hakulithubutu. Mtoto wake, Orina, aliyekuwa anasoma chuo kikuu cha Kabianga, alimshauri arekodi kila kinachomjia kwenye simu. Akarekodi. Alipomchezea Orina asikilize, palikuwa na kelele za watoto, Phyllis akiuliza soksi ni ya nani, na sauti ya Gesare mwenyewe ikisema, "Hapana, toa, toa, toa mdomoni."

Juni ilipoisha akafanya jambo ambalo baadaye aliliona aibu. Alichukua wimbo wake wa zamani, akaubadilisha maneno, akaupunguza mwendo, akawaletea kwaya kama mpya. Walifika ubeti wa pili ndipo Chepkemboi akaacha kuimba.

Chepkemboi alikuwa Mkipsigis, mjane, mwenye ekari moja na robo ya chai inayopakana na shamba la kampuni. Aliimba sauti ya pili na hakuwa na tabia ya kuficha kitu.

"Mwalimu," alisema, "hii si ni ile ya mwaka Orina alivunjika mkono? Ile ya 'Nitapita'?"

Mtu mmoja wa sauti ya nne akakohoa.

"Inafanana," Gesare alisema.

"Haifanani. Ni hiyo hiyo. Mimi mstari wangu haujabadilika hata kidogo."

Ratemo aliandika kitu kwenye daftari lake, na Gesare alitamani kulichana.

Usiku huo hakula vizuri. Obure alikuwa dereva wa trekta, mtu wa maneno machache. Alimtazama mkewe akichezea ugali, mwishowe akasema kile ambacho inaonekana alikuwa amekifikiria kwa muda.

"Mimi nadhani wewe siku hizi huboeki."

"Nini?"

"Zamani ulikuwa unarudi na uso kama mtu ametoka jela. Hutaki kuongea. Halafu unaanza kukoroga mboga, unaimba kitu kipya. Sasa unarudi umechangamka, una habari ya watoto mpaka tunalala. Wimbo utaingilia wapi?"

Gesare aliweka kijiko chini. "Kwa hivyo ile jela ndiyo ilikuwa inatunga. Si mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo. Miaka ishirini na miwili nimeomba Mungu anitoe kwa majani, amenitoa, na wewe unaniambia nirudi nikaboeke."

Obure akaona bora amalize chakula chake.

Hasira ya maneno yale ilimkaa siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumapili, alifunga aproni yake ya zamani ya plastiki, akachukua kikapu kilichokuwa kimegeuzwa kiota cha kuku, akakikung'uta, akaenda kwa Chepkemboi. Hakwenda kutafuta wimbo. Alikwenda kuthibitisha kwamba Obure ni mjinga. Atachuma kutwa nzima, arudi mikono mitupu, na mambo ya kuboeka yaishe.

Chepkemboi alishangaa kumwona, lakini vibarua walikuwa adimu na majani yamekomaa, kwa hivyo hakuuliza mara mbili. "Kongoi," alimshukuru kwa Kikipsigis. "Anzia hapo chini."

Tatizo lilikuwa moja, nalo Gesare hakulikumbuka mpaka walipoingia kwenye safu. Chepkemboi aliongea. Aliongea juu ya karani wa kituo cha kuuzia majani, juu ya goti lake, juu ya mkwe wa jirani, juu ya namna ya kumtibu ndama anayeharisha. Alikuwa anauliza swali na kulijibu. Gesare alichuma vikapu vitatu, akarudi nyumbani masikio yakivuma.

"Umeona?" alimwambia Obure. "Nimechuma kutwa. Hakuna kitu."

"Ulikuwa na Chepkemboi?"

"Ndiyo."

Obure alitikisa kichwa tu, akatoka kwenda kumfungulia mbwa, na kule kutikisa kichwa kulimuudhi Gesare kuliko hotuba.

Jumapili ya pili ikawa vilevile, isipokuwa ndama alikuwa amepona na maongezi yakahamia kwa mbuzi. Zilibaki wiki nne kufika makambi. Kwenye grupu Ratemo alikuwa ameanza kuhesabu: zimebaki siku ishirini na nane, Mwalimu. Zimebaki siku ishirini na saba.

Jumapili ya tatu Gesare alimkuta Chepkemboi getini akiwa amevaa vizuri, kitambaa kipya kichwani.

"Mimi naenda Silibwet, mtoto wa dada yangu anaposwa," alisema. "Sitarudi mpaka jioni. Kama unataka kurudi nyumbani, rudi."

Gesare alilitazama shamba. "Niko hapa tayari," alisema. "Nitachuma."

Saa ya kwanza aliwaza watoto. Kuna mmoja, Kipkurui mdogo, aliyekuwa na kikohozi, na alijiuliza kama mama yake amempeleka kliniki. Saa ya pili aligombana na Ratemo kichwani. Alimwambia mambo mengi mazuri, yaliyopangika, ambayo Ratemo wa kweli asingempa nafasi ya kuyamaliza. Kisha akagombana na Obure, akamshinda pia. Kisha akagombana na Phyllis juu ya redio, na hapo akashindwa, hata kichwani.

Saa ya tatu ugomvi uliisha. Hakuwa na mtu mwingine wa kugombana naye. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti ya mpaka na hausogei. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Alitazama ni wapi safu inaishia, akaona ni mbali vilevile kama alipotazama mara ya mwisho. Na ile hali ya zamani ikamrudia yote. Aliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba aliyolelewa. Ilikuwa mbaya. Haikuwa imepata utamu wowote kwa kukaa mbali. Alitaka kukitupa kikapu, atembee mpaka barabarani, amsalimie yeyote, hata kama ni Ratemo.

Hakutembea. Mikono iliendelea, kwa sababu ilikuwa imezoea kuendelea.

"Bwana, leo sina neno," alisema kwa sauti, kwa kuchoka tu, akiwa hasemi kitu cha maana.

Akachuma vichaka viwili vitatu. Yale maneno hayakuondoka. Yalirudi, yakiwa yamepanda kidogo kwenye 'leo' na kushuka kwenye 'neno'. Akayaimba taratibu. Kisha ukafuata mstari wa pili bila kuitwa, na wa tatu.

Gesare alisimama katikati ya chai, mikono kwenye kingo za kikapu. Mtu angedhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo.

"Sasa," aliuambia wimbo. "Sasa ndio unakuja. Nimekungoja tangu Januari kwa kiti kizuri, chini ya paa, huji. Unakuja hapa."

Lakini hakuthubutu kuacha kuchuma, akiogopa kwamba akiacha utakatika. Alichuma mpaka mvua ikamkuta, akachuma ndani ya mvua, na Chepkemboi aliporudi kutoka Silibwet alimkuta chini ya paa la zizi, amelowa, akiimba kwa sauti ya chini na kupiga hesabu ya mapigo kwa kidole kwenye paja. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Chepkemboi alikaa kimya mpaka mwisho.

*Bwana, leo sina neno,*
*nimesimama tu hapa.*
*Kama unalo, nipe,*
*kama huna, tunyamaze pamoja.*

"Imba tena," Chepkemboi alisema, na Gesare alipoimba tena, yeye akatafuta sauti ya pili akaipata.

Ratemo hakuupokea wimbo kirahisi hivyo. Aliusikiliza wimbo wote kanisani, daftari limefungwa, na ulipoisha akakuna shingo.

"Mwalimu, ni mzuri. Lakini neno kuu ni Simameni Tayari. Hapa mtu amesimama, sawa. Tayari iko wapi?"

"Haiko."

"Halafu hii 'kama huna.' Huwezi kumwambia Mungu 'kama huna.' Mungu anakosaje neno?"

"Sijasema anakosa. Nimesema kama hana la kuniambia mimi, leo, saa hizo. Wewe anakuambia kitu kila siku?"

Ratemo alifikiri, na tumtendee haki, alifikiri kweli. "Si kila siku," alikubali. "Lakini si kitu cha kuimbia watu elfu mbili."

Walibishana siku tisa. Ratemo alitaka mstari ule ubadilishwe uwe "nawe unalo daima." Gesare akasema Ratemo akiubadilisha, aondoe na jina lake yeye Gesare pia. Kwaya iligawanyika, sauti ya kwanza upande wa Ratemo, sauti ya pili yote nyuma ya Chepkemboi. Mwisho wakapatana kwa namna ambayo haikumpendeza mtu. Ibada kuu wangeimba wimbo ambao Ratemo mwenyewe aliutunga kwa siku mbili, wenye neno 'tayari' mara ishirini na saba, Gesare alizihesabu. Ule wa Gesare ungeimbwa mchana, baada ya chakula, wakati wa nyimbo za kupokezana.

Ndivyo ilivyokuwa Chepseon. Wimbo wa Ratemo uliimbwa asubuhi, watu wakaitikia amina, na haukuwa mbaya sana, jambo ambalo Gesare alilikubali kwa shida. Mchana, hema likiwa nusu, akina mama wakifunga vyombo na wengine wamelala wameegemeana, kwaya ikasimama tena. Sauti ya nne iliingia kabla ya wakati. Ubeti wa pili ulikimbia. Lakini walipofika mahali pa kunyamaza pamoja, ambapo Gesare alikuwa amewafundisha wakate kabisa na wahesabu mapigo manne, wale waliokuwa wanafunga vyombo waliacha. Palikuwa kimya kwa mapigo yale manne, kimya cha watu mia kadhaa. Mzee mmoja wa mbele alivua kofia. Kisha kwaya ikaendelea na vyombo vikaendelea.

Baadaye mama mmoja kutoka upande wa Bomet, anayeitwa Chelimo, alimfuata penye maji, kalamu mkononi, akiomba maneno aandike. Gesare alimsomea ubeti wa kwanza. Alipokuwa anamsomea wa pili, polepole, neno kwa neno ili mwenzake aandike, akasita.

"Endelea," Chelimo alisema. "Nimeandika mpaka 'jua.'"

"Ngoja," Gesare alisema. "Huo usiandike. Nitakutumia."

Alirudi nyumbani jioni, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda jikoni. Obure alikuwa ameshaweka sufuria ya maji motoni. Alimwacha anyooshe miguu kwanza ndipo akauliza.

"Waliupenda?"

"Waliupenda."

"Na Ratemo?"

"Ratemo anauliza ule wa Desemba utakuwa tayari lini. Hata hema la makambi halijakunjwa." Alifikicha nyayo zake. "Lakini ubeti wa pili ni mbovu, Obure. Nimepanga 'mvua' na 'jua' kuwa vina. Hata Kipkurui wa nasari, ambaye hajui kusema jina lake, angeweza kutunga hiyo. Nimeimba mbele ya watu kitu kama hicho na mdomo wangu."

"Si ubadilishe."

"Nitabadilisha. Kesho ni Jumapili." Uso wake ukakunjana kama wa mtu aliyekumbushwa kwamba kuna dawa chungu bado haijanywewa. "Na Chepkemboi yuko. Amesema goti limeanza tena, atanieleza yote."

Obure aliusonga ugali. "Mwambie achumie safu za juu," alisema, "wewe uchumie za chini."

Gesare alilifikiria jambo hilo, akaona lina maana, na likamuudhi kwamba halikumjia yeye.